Bengaluru: handaki la magari au njia ya mabasi?

Septemba 2025, Siddaramaiah, Waziri Kiongozi wa jimbo la Karnataka, kusini mwa India, alimwandikia barua tajiri wa kampuni ya teknolojia ya Wipro, Azim Premji. Alimwomba aruhusu magari ya watu yakatize ndani ya eneo la kampuni hiyo jijini Bengaluru, ili barabara ya jirani ipate kupumua. Serikali ilikadiria kwamba foleni ya asubuhi na jioni pale ingepungua kwa karibu asilimia 30. Premji alikataa kwa adabu: eneo ni mali binafsi na lina masharti yake ya kisheria. Badala yake akajitolea kuchangia gharama za utafiti wa wataalamu. Serikali ya jimbo lenye watu zaidi ya milioni 60 ikifikia kubisha hodi kwenye geti la kampuni kuomba njia, basi maji yamefika shingoni.

Barabara yenyewe ni Outer Ring Road, ambako ofisi za kompyuta zimepangana kilomita baada ya kilomita. Bengaluru ilihesabiwa kuwa na watu kama milioni 8.5 mwaka 2011, na tangu hapo haijaacha kuvimba. Vyombo vya moto vilivyosajiliwa ni zaidi ya milioni 10, vingi vyake pikipiki.

Naibu wa Siddaramaiah wakati huo, D.K. Shivakumar, ambaye pia ndiye aliyeshika wizara ya maendeleo ya jiji, alikuja na dawa yake: handaki la magari la karibu kilomita 17, kutoka Hebbal upande wa kaskazini hadi makutano ya Silk Board upande wa kusini, kwa zaidi ya rupia bilioni 170. Wapinzani wake wanasema huko ni kuzika fedha ardhini. Mimi nimo zaidi upande wa wapinzani, ila hoja za Shivakumar si za kupuuzwa.

Barabara za jiji ni nyembamba, na kuzipanua ni kubomoa nyumba na maduka, kisha kukaa mahakamani miaka kwa ajili ya fidia. Kupita juu nako kulishajaribiwa. Mwaka 2016 serikali ilitaka kujenga barabara ya juu ya chuma kuelekea Hebbal, mradi ambao ungekata mamia ya miti. Wakazi walijipanga kando ya njia wakishikana mikono, wakipaza neno moja la Kikannada, *beda*, yaani hatutaki. Machi 2017 mradi ukafutwa. Pembeni hakuna nafasi, juu watu wamekataa. Kimebaki chini.

Tena wanaosema “pandeni metro”, yaani treni ya mjini, wana deni la kueleza. Laini ya njano, inayofika kwenye viwanda na ofisi za Electronic City, ilifunguliwa Agosti 2025 baada ya kuchelewa miaka. Ilianza na treni tatu tu, ukikosa moja unasubiri dakika 25. Miezi sita kabla yake nauli ya juu kabisa ya metro ilikuwa imepandishwa kutoka rupia 60 hadi 90. Mwenye gari ataliacha nyumbani kwa hayo? Shivakumar aliwahi kusema kwamba watu hawaozeshi binti zao kwa kijana asiye na gari, na mitandaoni alichekwa sana. Mimi sikucheka. Huku kwetu nako wakwe huangalia kilichoegeshwa nje.

Lakini handaki hilo ni la nani? Katika mpango uliotolewa, anayepita atalipa tozo, na pikipiki na bajaji haziruhusiwi kuingia. (Bajaji, jina tulilolichukua kwa kampuni ya Pune, huko kwao huitwa *auto*.) Kwa hiyo vile vyombo vilivyo vingi kuliko vyote vitabaki juu, kwenye foleni ileile. Ilipojulikana kwamba tundu mojawapo la handaki lingetokea Lalbagh, bustani iliyoanzishwa na mtawala wa zamani Hyder Ali mwaka 1760, penye mwamba wa miaka kama bilioni tatu, hata wasiojali habari za foleni walikuja juu.

Anayelibeba jiji hasa ni basi. Metro ilivunja rekodi yake Agosti 11, 2025 kwa safari zaidi kidogo ya milioni moja. Mabasi ya BMTC, shirika la umma la usafiri wa jiji, karibu 7,000, hubeba zaidi ya milioni nne kila siku. Tangu Juni 2023 wanawake wa Karnataka hupanda bure mabasi ya kawaida ya serikali: mama anaonyesha kitambulisho, kondakta anamkatia tiketi ya sifuri, safari inaanza. Mpango huo unaibana hazina ya jimbo na kuyajaza mabasi mpaka mlangoni, lakini ulikubali jambo ambalo handaki halilikubali, kwamba wengi hawana gari. Kasoro yake ni kwamba basi la bure nalo linakwama nyuma ya gari la mtu mmoja.

Mwaka 2019 jiji lilitenga njia ya mabasi kwenye hiyohiyo Outer Ring Road, ikazungushiwa vizuizi vifupi. Mabasi yakaanza kutembea. Kisha ujenzi wa laini ya buluu ya metro ukaja, vizuizi vikang'olewa.

Hapa wenye magari wana mfano wao. Delhi ilifungua njia ya mabasi mwaka 2008, wenye magari wakalalamika hadi mahakamani, na mwaka 2016 ikaanza kubomolewa. Mwaka huohuo Dar es Salaam ilianza mwendokasi, mabasi yenye njia yake. Yetu bado ipo, ingawa anayesubiri kituo cha Kimara saa moja asubuhi atakwambia kwamba njia isiyo na mabasi ya kutosha ni lami tupu. Kwa hiyo Bengaluru ikirudisha njia bila kuongeza mabasi, itapata hasira za Delhi pamoja na msongamano wa Kimara.

Nafasi yenyewe inakuja. Nguzo za laini ya buluu zikikamilika, mabati ya wajenzi yataondolewa katikati ya Outer Ring Road na upana waliouchukua utarudi. Vizuizi vya mabasi vinapaswa kuwekwa usiku huohuo. Wenye magari wakishauzoea kwa wiki mbili, kuwatoa itakuwa vita nyingine.