Tahiti si wale wa kumi bila tu

Itaje Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, kijiweni uone. Lazima mmoja adakie: "Si wale waliokula kumi kwa Hispania?" Ndio haohao. Juni 2013, Kombe la Mabara, uwanja wa Maracanã. Nigeria nayo ikawatia sita, Uruguay nane, wakaondoka na goli moja la Jonathan Tehau walilolishangilia kama wamebeba ndoo. Watu waliwapenda, lakini upendo wa kuhurumiana, na huruma ya namna hiyo hunikera.

Maana Septemba ya mwaka uleule Kombe la Dunia la soka la ufukweni lilichezwa kwao, Papeete. Tiki Toa, timu yao ya mchangani, wakafika nusu fainali. Urusi ikawatoa, kisha wakaenda sare ya 7-7 na Brazil na kukosa nafasi ya tatu kwa penalti. Saba kwa saba, na Brazil! Mwaka 2015 waliing'oa Italia, wakafungwa fainali 5-3 na Ureno iliyokuwa nyumbani, Espinho. Mwaka 2017 kule Bahamas, fainali tena. Hiyo Brazil iliwachapa 6-0, siwafichii.

"Watu wa visiwani, wamezaliwa mchangani." Hoja hiyo siielewi. Mchanga wa Tahiti wenyewe sehemu nyingi ni mweusi, wa volkano. Sisi tuna mweupe kuanzia Lamu hadi Mtwara, na fainali ya dunia tunaisikia kwa jirani.

Aliyewahi kucheza ufukweni maji yakiwa yametoka anajua: pasi ya chini inafia kwenye alama ya kisigino cha mtu. Mpira unaubeba kwa vidole, unauweka juu, unapiga kabla haujatua, ndiyo maana tikitaka kule ni kitu cha kila mechi. Adhabu hupigwa bila ukuta. Dakika ni 12 mara tatu, uwanjani watu watano kila upande. Nchi ya watu wasiofika 300,000, iliyo chini ya Ufaransa ila ina kiti chake FIFA, haiwezi kupata wachezaji ishirini na watatu wa kuizuia Hispania. Kumi na wawili wa mchangani inawapata, na inawaweka pamoja miaka. Walichagua mchezo unaowatosha, wakaufanyia kazi.

Mwaka 2025 kombe hilo lilikuja Shelisheli, bahari yetu hiihii. Tiki Toa walivuka nusu ya dunia kulifuata. Sisi tulio ng'ambo tu ya maji hatukuwepo.