Chokoleti ya moto si ya watoto peke yao

"Ni ya mtoto?" Ndivyo alivyoniuliza mhudumu wa mgahawa mmoja hapa Moshi nilipoagiza chokoleti ya moto. Mtoto hakuwepo. Nilikuwepo mimi, mvi zangu na koti la baridi ya Julai. Nikamwambia ni ya babu yake mtoto. Akacheka, akaniletea kikombe cha maji ya kahawia, sukari imetuama chini, mabonge ya unga yanaelea juu.

Mji huu kwa kahawa unaringa, na una haki. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kilianzishwa 1933 na buni zimesomesha wengi. Kijana wa kaunta atakueleza kahawa imetoka mteremko upi, imekaangwa vipi, na juu ya povu la maziwa anakuchorea ua. Agiza chokoleti sasa. Kijana yule yule anafungua kopo, vijiko viwili, maji ya birika, anakoroga mara moja, karibu mzee. Hebu soma ubavuni mwa lile kopo: kiungo cha kwanza ni sukari. Na maziwa je? Kuanzia Hai mpaka Rombo ng'ombe wako mabandani, halafu mimi naletewa maji!

Nilikuwa nimeshaisusa, mpaka mvua ya manyunyu iliponiingiza kwenye kimgahawa cha mama mmoja. Jiko lake linaonekana kutoka mezani, nikamwangalia. Alitia unga wa kakao na sukari kiasi kwenye sufuria ndogo, akaongeza maziwa vijiko vichache tu, akasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka likawa rojo zito linalong'aa. Ndipo akamimina maziwa mengine kidogo kidogo, moto mdogo, huku anakoroga, na chumvi ya kudokoa kwa vidole. Kakao haiyeyuki kama sukari, na ina mafuta yake. Ukiitupa kwenye maji mengi inashikana mabonge. Yule mama hana mashine hata moja. Nilikunywa taratibu, nikaagiza cha pili, na simu za nyumbani nikaziacha ziite.

Wanaosema ni kinywaji cha kitoto, Waazteki wa Mexico waliinywa chungu, bila sukari, na wanywaji walikuwa wakubwa wao.

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba kakao tunayo. Si huku mlimani, maana mti wake unataka joto na unyevu wa mabondeni, lakini nenda Kyela, karibu na Ziwa Nyasa. Mkulima anapasua tunda, anazivundika mbegu siku kadhaa kwenye masanduku au majani ya migomba, anazianika juani. Bila kuvundika, ile ladha ya chokoleti huipati, unabaki na uchungu mkavu. Kazi yote hiyo, kisha mzigo unapita AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza mazao yakiwa ghalani, sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa mbegu tupu. Sisi tunangoja kopo.

Haya, nakubali: unga safi wa kakao ni ghali, na mteja wa Moshi akiona bei atauliza kama kikombe anaondoka nacho. Basi andikeni bei yake kamili, anayetaka ya bei nafuu mpeni kopo lake. Ila mgahawa ulionunua mashine ya kahawa kwa mamilioni usiniambie umekosa sufuria.