Mkiuziwa gari ya umeme, ulizeni umeme unatokaje, msiulize tu unaingiaje

Siku naenda kuangalia ile pikapu yadi nilibeba msumeno wangu wa umeme ndani ya begi. Kijana wa mauzo ananionyesha skrini kubwa, ananiambia inavyochomoka kwenye taa, mi nikamwambia kaka naomba unifungulie buti ya mbele. Kule ambako gari zingine zina injini hii ina nafasi tupu kama sanduku na soketi nne, nikachomeka msumeno, nikauzungusha, ukalia vizuri bila kuzubaa. Hapo ndo nikaanza kuongea bei.

Mimi ni fundi seremala, niko Houston, jimbo la Texas huku Marekani, mwaka wa kumi na moja sasa, najenga varanda za mbao na kufunga makabati ya jikoni. Gari yenyewe ni Ford F-150 Lightning ya 2022, mtumba, ile ya betri kubwa. Naandika hii kwa sababu kila mtu anayeniona nayo, Mtanzania, Mkenya, Mmarekani, wote wananiuliza swali moja, inaenda maili ngapi? Jamani. Swali sio baya, ila mtu mwenye kazi za mikono au mwenye familia na friji nyumbani anatakiwa aanze na swali lingine kabisa, inatoa umeme kiasi gani na inautoa kwa njia ipi, maana gari za umeme zilizo nyingi barabarani zinakula umeme tu, hazirudishi chochote, betri kubwa vile imekaa hapo nje na wewe ndani unawasha mshumaa.

Ngoja niweke hesabu kwa lugha ya nyumbani. Betri ya gari yangu inahifadhi uniti 131. Uniti hizo hizo tunazonunua kwenye Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, kilowati-saa ni uniti, hakuna tofauti. Sasa kule Tanzania mteja mdogo wa nyumbani, yule wa bei nafuu, kiwango chake ni uniti 75 kwa mwezi. Yaani gari moja iliyojaa ina umeme wa nyumba ile kwa mwezi na nusu na zaidi kidogo. Huku Marekani nyumba ya kawaida inakula kama uniti 30 kwa siku kwa sababu ya maAC na mashine za kukaushia nguo, na bado gari inaweza kuibeba siku nne hivi bila mtu kujibana. Ukijibana ndo unaenda mbali zaidi.

Na nguvu inayotoka kwa mpigo ni kilowati 9.6 kama gari imefungwa ule mfumo mkubwa, wanauita Pro Power Onboard. Hapa muwe makini, zile za bei ya chini zilitoka na kilowati 2.4 tu, gari kwa nje zinafanana kabisa, kwa hiyo usinunue kwa jina. Yangu ina soketi 11 ukihesabu za mbele, za ndani na za kwenye bodi nyuma, na ile moja ya nyuma ni ya volti 240, hiyo ndo inawasha mashine ya kuweldi na kompresa kubwa.

Saiti imenibadilishia maisha. Zamani nilikuwa natembea na jenereta, harufu ya petroli kwenye gari mpaka kwenye nguo, unawasha asubuhi majirani wa mteja wanachungulia madirishani, mnaongea kwa kupiga kelele siku nzima, jioni masikio yanavuma. Na jenereta inaunguza mafuta hata kama hamna anayekata mbao, iko tu inanguruma. Msumeno wenyewe unafanya kazi sekunde kumi, unapima dakika tano, unakata tena. Betri haina shida na hilo, ukiachia kitufe inatulia. Tukiwa mafundi watatu, misumeno miwili, kompresa ya bunduki ya misumari, chaja za drili, sijawahi kumaliza zaidi ya uniti kumi kwa siku. Uniti kumi gari ingezitumia kutembea maili ishirini hivi. Kwa bei ya umeme ninayolipa nyumbani ni dola moja na nusu, wakati jenereta ilikuwa inakunywa petroli ya dola kumi na tano bila huruma. Alafu mvua ikinyesha zile chaja naziweka buti ya mbele, nafunga kabisa na funguo.

Kuna wanaosema utaua betri. Mi nawajibu hivi, betri hii inasukuma gari kwa kilowati zaidi ya 400 ukikanyaga mpaka mwisho, na ukienda spidi ya hailewei tu inatoa kama 35 muda wote. Sasa friji na feni na taa, kilowati moja au mbili, itachokaje? Na betri ina garantii ya miaka 8 au maili 100,000. Kinachonisumbua mimi ni kingine, ukivuta trela ya mbao umbali unashuka karibu nusu, hilo ni kweli na nalipanga kila asubuhi kabla sijatoka.

Lakini saiti ni sehemu ndogo ya habari. Habari yenyewe ni nyumbani.

Waliokuwa Texas Februari 2021 wanajua. Baridi ile iliangusha umeme kwenye nyumba zaidi ya milioni nne, mabomba yanapasuka, watoto wamelala na makoti, na hesabu rasmi ya jimbo ilikuja kuwa watu 246 walikufa. Wengine hawakufa kwa baridi, walikufa kwa moshi, mtu anawasha jenereta gereji au anawasha gari ya petroli ndani ya gereji ili familia ipate joto, ndani ya ule moshi kuna gesi isiyo na harufu ya kukuamsha, wanalala hawaamki. Mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi alikutwa hivyo na familia yake, wakawahiwa, wakapona. Toka siku hiyo jenereta nikawa naiangalia kwa jicho lingine kabisa. Mwaka ule ule mwezi wa tano Ford wakaitangaza Lightning, wakisema toleo la chini litaanzia chini ya dola 40,000 na kwamba itawasha nyumba, nikasema hii ndo yangu, ila bei ikapanda na kupanda, ikabidi nisubiri mtumba mpaka mwanzoni mwa 2024.

Mei 16 mwaka huo ukaja ule upepo wa jioni uliovunja mpaka vioo vya maghorofa ya katikati ya mji. Umeme ukaenda. Mimi nikapitisha waya wa ekstensheni dirishani, friji ikawaka, feni ikawaka, mke wangu akasema hii haiwezi kuwa maisha, waya sebuleni watoto wanajikwaa, dirisha wazi mbu wanaingia. Ana haki. Nikaita fundi umeme mwenye leseni afunge chenji-ova ukutani, yaani swichi ya kuihamisha nyumba kutoka umeme wa nje kwenda wa gari, na soketi ya kuingizia nje, ili gari iingie kwenye boksi la breka la nyumba kwa utaratibu.

Hapa nikae kidogo maana ndo watu wanapopotea. Siku ya kujaribu, tukachomeka, tukawasha, tap! Gari ikakata yenyewe. Tukarudia, tap! Kila mtu anadhani soketi mbovu. Kumbe soketi za gari hii zina kinga, zinapima umeme unaotoka na unaorudi, na ndani ya gari nyutro, waya wa kurudishia umeme, na ethi, waya wa ardhini, zimeshaungwa pamoja, na kwenye boksi la nyumba nako zimeungwa, kwa hiyo umeme unaporudi unagawanyika njia mbili, gari inaona hesabu haitimii inadhani kuna mtu anapigwa shoti, inakata. Chenji-ova ya kwanza ilikuwa inahamisha zile waya mbili zinazoleta umeme tu, nyutro inabaki pale pale. Ikabidi iwekwe inayohamisha na nyutro pia. Ikakubali mara moja, haijakata tena mpaka leo. Hiyo kitu nimeiandika kwa urefu kwa sababu nimewaona watu kibao wamekasirika wakasema gari ni bovu. Gari inakulinda.

Na kuna mwingine anatengeneza waya wenye vichwa viwili vya kiume anachomeka kwenye soketi ya ukutani. Ndugu yangu usifanye. Umeme wako unatoka nje ya nyumba, unapanda kwenye transfoma kinyumenyume unakuwa maelfu ya volti, na juu ya nguzo kuna baba wa mtu anaunga waya akijua laini imekufa. Pia umeme wa nje ukirudi ghafla unakutana na wa kwako. Chenji-ova haina mbadala, iwe jenereta, iwe gari, iwe sola. Ford wenyewe wana mfumo wao kamili, chaja kubwa ya ampea 80 na vifaa vingine ukutani, umeme ukikatika gari inashika nyumba yenyewe bila wewe kuamka. Mzuri, ila vifaa na ufungaji vinafika maelfu ya dola. Kwa mtu wa kawaida chenji-ova sahihi na waya mmoja mnene inatosha sana.

Julai 8, kimbunga Beryl. Kiliingia alfajiri, na eneo la Houston wateja zaidi ya milioni mbili wakabaki bila umeme, kwenye joto lile la Julai ambalo ukitoka nje ni kama umefungua tanuri. Gari ilikuwa asilimia 94, maana kimbunga kinatangazwa mapema, nilichaji usiku wa kabla. Tukakaa siku tano. AC kubwa ya nyumba niliamua isiwake kabisa, zile zinapoanza zinavuta umeme mwingi kwa ghafla, nikaweka ile ndogo ya dirishani chumba kimoja tukalala wote humo. Friji, friza, feni, taa, intaneti, jiko la wali. Uniti 15 au 16 kwa siku, pamoja na zile gari yenyewe inazokula kwa kukaa imewashwa, ambazo watu wanazisahau kwenye hesabu. Siku ya tano umeme unarudi gari ilikuwa inasoma asilimia 33. Na vituo vingi vya mafuta vilikuwa vimefungwa kwa sababu pampu nazo zinataka umeme, vilivyokuwa wazi foleni inazunguka mtaa, watu wameshika madumu kusubiri petroli ya jenereta.

Jirani yangu ni mama mtu mzima kutoka Bukavu, Kongo. Mi humsalimia shikamoo mama, yeye hunijibu jambo mwanangu, tumezoeana hivyo. Siku ya kwanza ya Beryl akaja kwenye uzio ameshika kopo limefungwa kitambaa chenye barafu, ndani ni insulini ya mume wake. "Mwanangu, barafu inaisha, hii dawa ya mzee ikipata joto itaharibika." Nikamwambia mama rudi nayo ndani usihangaike. Nikatoa waya wa futi 100, nikaurusha juu ya uzio, friji yake ikawaka baada ya dakika kumi. Ile friji ilikula uniti moja na nusu kwa siku. Mi ningetembea maili tatu na hiyo. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma jioni ile nimetulia kabisa, mtaa mzima unanguruma jenereta na sisi upande huu kimya, mzee yule anasikiliza redio.

Na sio kitu kipya hata. Wajapani baada ya lile tetemeko na tsunami ya 2011 waliona hii kitu mapema, 2012 Nissan wakaanza kuuza mtambo wa kuifanya gari yao ya umeme, Leaf, iwashe nyumba, na Leaf ya wakati ule betri yake ilikuwa uniti 24 tu. Miaka yote hii kampuni kibao zimetengeneza gari zenye betri mara tatu ya hiyo bila kuweka soketi hata moja. Hilo linaniuma. Desemba 2025 Ford nao wakatangaza Lightning ya umeme mtupu inaishia hapo, ijayo itakuwa na injini ya petroli ya kuichajia. Mi sina ugomvi na injini, nataka soketi zibaki.

Mdogo wangu yuko Morogoro anachomelea mageti, kaniuliza kaka nikutumie hela unisafirishie moja? Nimemkatalia, na nawaambia na nyie. Soketi za gari hizi zinatoa volti 120, ukiacha ile moja ya 240, na zote ni hezi 60, nyumbani ni 230 na hezi 50, grainda yako na mashine yako hazitaelewana nayo. Tafuta gari iliyotengenezwa kwa umeme wa kwetu. Zipo za Kikorea na za Kichina zinazotoa umeme nje kwa adapta, Hyundai Ioniq 5 inatoa kilowati 3.6, hiyo inatosha grainda, drili, friji na taa, mashine kubwa ya kuweldi hapana. Nimemwambia akienda yadi abebe grainda yake na diski mpya, akate chuma pale pale kabla hajataja bei.

Msimu wa vimbunga huku unaanza Juni mosi. Ule waya wa futi 100 sijaurudisha stoo, nimeukunja nikautundika kwenye uzio wa mama, upande wake, ndani ya ndoo yenye mfuniko ili maji yasiingie.