Uingereza tunaogopa kodi, Uganda tusiogope chochote?

Watu wa Uganda tulioko Uingereza tuna mazoea mabaya: ya huku tunayaogopa kupita kiasi, ya nyumbani tunayaacha yajiendee. Huku kila mtu amesikia kodi ya mirathi ya asilimia 40. Nyumbani kodi hiyo haipo, basi watu wanaona hakuna la kupanga. Kwa maoni yangu, mali ya nyumbani ndiyo inayotaka mpango zaidi, na siku hizi sheria ya huku nayo imeifikia.

Tangu tarehe 6 Aprili 2025 Uingereza inaangalia umekaa miaka mingapi. Ukiwa mkaazi wa kikodi kwa miaka 10 kati ya 20 iliyopita, kodi ya mirathi inagusa mali yako popote ilipo, kiwanja cha Wakiso na vyumba vya kupangisha vya Mbarara vikiwemo. Hata ukirudi nyumbani moja kwa moja, inakufuata kwa miaka 3 hadi 10, kulingana na muda uliokaa.

Tupige hesabu. Mama ambaye hakuolewa anawaachia watoto nyumba ya Leicester ya pauni 380,000 isiyo na deni, na akiba ya pauni 60,000. Jumla ni 440,000. Kiwango kisichotozwa ni 325,000, na kwa kuwa nyumba inakwenda kwa watoto anaongezewa 175,000, yaani 500,000. Hakuna kodi. Sasa ongeza mali ya Uganda ya pauni 200,000. Jumla inafika 640,000, ziada ni 140,000, na kodi ni pauni 56,000. Kwa kuwa Uganda haikutoza kitu, hakuna kodi ya kule ya kupunguza kwenye hizo 56,000.

Pesa hiyo inatakiwa kabla ya kuisha miezi sita kamili baada ya mwezi wa kifo, na ikichelewa inazaa riba. Sehemu inayotokana na ardhi na nyumba inaweza kulipwa kwa mafungu 10 ya kila mwaka, lakini mali ikiuzwa, kilichobaki kinadaiwa papo hapo. Na hicho kiwanja cha Wakiso hakiuziki bado, maana nyumbani karatasi hazijatoka.

Bila wosia, safari ya karatasi ni hii: cheti cha kifo cha NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili), barua ya mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji), kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa, halafu cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Kabidhi Wasii Mkuu, afisa wa serikali anayesimamia mambo ya mirathi. Ndipo unakwenda mahakamani, tangazo linatolewa kwa siku 14, na asipotokea mpinzani unapewa barua za usimamizi, yaani ruhusa ya kusimamia mali ya marehemu. Ndugu mmoja aliyeko Toronto akikataa kusaini muhtasari, kila kitu kinaweza kusimama. Wosia halali wenye msimamizi aliyetajwa unaruka hatua ya Kabidhi Wasii Mkuu. Sababu hiyo peke yake inatosha kuuandika.

Tena barua hizo siku hizi si za milele. Marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya 2022 yamezipa miaka 2, baada ya hapo unaomba kuongezewa muda. Orodha ya mali inapelekwa mahakamani ndani ya miezi 6, na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Wazee waliozoea kukaa na barua hizo kabatini miaka 15 bila kugawa kitu hawajazipenda habari hizi, na mimi siwaonei huruma.

Mgawo wa asiyeacha wosia ni asilimia 20 kwa mwenzi wa ndoa, 75 kwa watoto, 4 kwa ndugu tegemezi na 1 kwa mrithi wa kimila. Mwenzi hapa ni wa ndoa inayotambulika. Ndoa ya kimila inahesabika, lakini kuishi pamoja tu, hata miaka 20, hakuhesabiki.

Ardhi iliyoko Uganda inafuata sheria ya Uganda, popote ulipo. Kwa hiyo andika wosia mbili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, kila mmoja ukitaja mali unayoihusu. Kosa linaloua mpango ni sentensi ya kawaida kwenye fomu za huku: “nafuta wosia zangu zote za awali.” Ukiisaini bila kuisoma, umeufuta wa Kampala. Mashahidi wawe wawili, na asiwe mmoja wao mrithi wala mwenzi wa mrithi, la sivyo anapoteza alichoachiwa.

Upande wa kodi, njia rahisi ni ile tunayoifanya bila kujua. Ada za shule na pesa za matumizi unazotuma kila mwezi, zikitoka kwenye mshahara na si kwenye akiba, na zisikupunguzie maisha yako ya kawaida, haziingizwi kwenye mirathi hata ukifa kesho. Lakini uwe na ushahidi: hifadhi risiti za kutuma na andika mapato na matumizi ya kila mwaka, kwa sababu wasimamizi wataulizwa.

Kumpa mtoto kiwanja ukiwa hai nako kunafaa, ukiishi miaka 7 baadaye. Nyumbani utalipa ushuru wa stempu asilimia 1.5 ya thamani, na kama ni ardhi ya familia, mwenzi wako lazima aridhie kwa maandishi. Usitoe kiwanja halafu uendelee kuchukua pango la wapangaji: Uingereza itakihesabu bado ni chako. Wengine humwandika kila mtoto kuwa mmiliki ili apate msamaha wake wa shilingi 2,820,000 kwenye kodi ya Uganda ya asilimia 12 ya mapato ya pango. Unaokoa shilingi 338,400 kwa mtu kwa mwaka, na URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) ina mamlaka ya kukataa mgawanyo wa jina tu.

Mwenzi aliyebaki Uganda naye asisahaulike. Kama hajawahi kuishi huku, msamaha wa kodi ya mirathi ya Uingereza kwa mwenzi una ukomo kwake wa pauni 325,000, wala si bila kikomo kama wengi wanavyodhani. Na aliyechukua uraia wa Uingereza bila kuomba uraia pacha, ulioruhusiwa na sheria ya 2009, ajue kwamba asiye raia hamiliki ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu wa ardhi wa asili ya Buganda) wala ardhi nyingine ya kudumu, anapata mkataba usiozidi miaka 99 tu. Ombi hilo la uraia litangulie wosia.