Je, vita vya Gundam vinawafaa vijana?

Mzazi akimkuta kijana wake anatazama katuni ya maroboti yanayopigana, swali la kwanza huwa: kuna damu? Katika Mobile Suit Gundam, mfululizo wa Kijapani wa 1979 ulioongozwa na Yoshiyuki Tomino, damu si nyingi. Lakini hadithi haijaanza hata vizuri, msimulizi ameshatuambia kwamba vita vimeua nusu ya binadamu wote. Wapo wanaosema huo ni mzigo mzito mno kwa mtoto wa shule. Nadhani hawajaangalia uzito huo unafanya kazi gani.

Chukua kipindi cha kwanza. Amuro Ray, mvulana wa miaka 15, anaishi kwenye koloni iliyojengwa angani. Adui anavamia, naye anaingia ndani ya roboti la kivita ambalo babake, mhandisi, ndiye aliyesimamia utengenezaji wake. Analikata roboti la adui likiwa linakimbia. Linalipuka, mlipuko unatoboa ukuta wa koloni, na babake huyohuyo anavutwa na tundu hilo hadi nje angani. Kwa hiyo roboti la pili halipasui ovyo. Analichoma mahali anapokaa rubani, ili mtu afe na mashine isilipuke. Ushindi wake wa kwanza umemgharimu baba, na somo la pili ni kulenga mwili wa mtu. Katuni nyingi za maroboti humwachia mtoto adui wa chuma asiye na mtu ndani, akivunjika basi. Hizo ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, ingawa hupita bila kuulizwa.

Baadaye Amuro anakutana na mamake, anampiga askari risasi mbele yake, na mama anashtuka: yule naye ana watoto. Hapo hakuna roboti la kumficha aliyepigwa. Kijana anayetazama analazimika kuchagua ni nani wa kumwonea huruma, na si rahisi.

Upande wa pili una hoja. Madaktari wa watoto wa Marekani wamekuwa wakionya kwamba ukatili kwenye skrini unaweza kuchochea ugomvi, kufisha huruma na kuleta jinamizi. Hoja iliyo ngumu zaidi kwangu ni ya biashara: tangu 1980 kampuni ya Bandai inauza vifaa vya plastiki vya kuunganisha vya maroboti hayohayo, na ni mazuri kweli. Hadithi inalaani vita huku ikimfanya mtoto atamani silaha yake. Tena Amuro anapokataa kupigana, Bright, kamanda wa meli ya angani anayosafiri nayo, anamzaba makofi, na sioni hadithi ikimlaumu vya kutosha.

Hata hivyo, hayo ni mambo ya kuzungumza na kijana, si ya kumfungia mlango. Mwenye miaka 13 au 14 anaweza kuulizwa kama kofi lile lilikuwa haki, akajibu kwa akili zake. Wa miaka 8 ataona panga la mwanga na mlipuko tu, kwa hiyo asubiri. Na kijana aliyekimbia vita halisi, au aliyefiwa na mzazi kwa namna hiyo, aambiwe mapema kitakachotokea kipindi cha kwanza, kisha aamue mwenyewe, hata awe na miaka 17.