Dau la Mnyonge na Nukta-mkato

LND ni programu ya kuendesha nodi ya Lightning, yaani kompyuta inayopitisha malipo ya bitcoin ya watu kwa ada ndogo. Faili lake la mfano la mipangilio, linalokuja na programu yenyewe, ni refu kama orodha ya vyombo vya bi harusi. Limeeleza kila kitu, na karibu kila kitu unaweza kukiacha kilivyo. Mambo ya lazima, kama mtandao wa Bitcoin wa kutumia, niliyataja kwenye amri ya kuwashia programu; ndani ya faili nilibadilisha vinne tu, na vyote vinne nilivikosea kwa namna moja.

Nodi yangu ya Lightning ni kikompyuta cha Raspberry Pi na diski ya terabaiti 1, vimekaa juu ya kabati la vyombo. Nilinakili lile faili la mfano, nikaliita lnd.conf, nikaliweka ndani ya ~/.lnd. Kwenye alias, yaani jina la nodi, nikaandika Dau la Mnyonge. Rangi nikaifanya kijani. Kwenye minchansize, yaani chaneli (njia ya malipo kati ya nodi mbili, yenye pesa zilizofungiwa ndani) ndogo kuliko zote ninayokubali kufunguliwa, nikatoa 20000 nikaweka 200000, kwa satoshi, vile vipande vidogo vya bitcoin. Mwisho bitcoin.feerate, kiwango cha ada: hapo kuna 1, nikaandika 400. Maana yake, kila satoshi milioni zikipita kwangu nabaki na 400. Basefee, ada ya msingi, nikaiacha kwenye 1000, na hiyo ni milisatoshi, kwa hiyo ni satoshi 1 kwa kila malipo. Nikahifadhi, nikawasha upya, nikafungua mkoba kwa nywila, nikalala kama tajiri.

Kesho yake nikafungua chaneli mbili, kila moja satoshi 500,000. Ada za mnyororo, yaani za kuandikisha chaneli kwenye daftari kuu la Bitcoin, zikala satoshi 3,600 na ushei. Lakini chaneli uliyoifungua mwenyewe pesa zote ziko upande wako: mlango wa kutokea upo, wa kuingilia haupo, na nodi ya kupitisha malipo inaitaka milango yote miwili. Kwa hiyo nikanunua kwa jirani chaneli ya kuingizia ya milioni 1, kwa satoshi 4,000.

Dalili ya kwanza ilikuwa jina. Kwenye ramani ya mtandao nodi yangu haikuitwa Dau la Mnyonge, iliitwa herufi na tarakimu 20 za mwanzo wa ufunguo wake, kama nambari ya mfungwa. Nikajiliwaza. Habari za nodi husambazwa kwa utaratibu ambao wabunifu wenyewe waliupa jina la umbea: nodi inamnong'oneza jirani, jirani anamnong'oneza jirani yake. Na chaneli haitangazwi mpaka ifikishe bloku 6, yaani kurasa 6 za lile daftari kuu, karibu saa nzima. Umbea huchukua muda, nikasema. Nimesema hivyo mimi, mkazi wa mtaa ambao sufuria ikiungua jikoni kwangu, pole zinafika kabla ya moshi.

Dalili ya pili ilibisha hodi siku ya pili: mgeni nisiyemjua kafungua chaneli kwangu ya satoshi 20,000 kamili. Mtu mwenye akili angejiuliza kaingiaje wakati mlango umewekewa 200,000. Mimi nilifurahi kwamba napendwa.

Siku ya nne nikaandika lncli listchannels, amri ya kuiuliza nodi hali ya chaneli zake. Zile chaneli zangu mbili zilikuwa kavu. Nikampigia rafiki yangu anayeijua kazi hii kuliko mimi.

"Bwana we, nimeibiwa."

"Zimebaki ngapi?"

"Elfu tano na kitu kila chaneli."

"Hiyo ni akiba ya lazima, asilimia 1. Hata wewe mwenyewe huruhusiwi kuitumia. Hebu andika lncli channelbalance unisomee jumla."

Nikasoma. Pesa zilikuwepo zote, na juu yake satoshi 15.

"Ndugu yangu, mwizi gani huyu anayekuongezea?"

Kumbe hazikuibwa, zilihama. Malipo 14 yaliingia kwa ile chaneli niliyoinunua na kutokea kwa zile mbili, jumla satoshi 980,000 hivi. Kila yanapopita, pesa za upande wangu kule yanakotokea hupungua, na huku yalikoingilia huongezeka. Ada inayotozwa ni ya chaneli ya kutokea. Akaniambia niandike lncli feereport. Ikatoka: ada ya msingi 1000, kwa kila milioni 1. Moja! Piga hesabu: malipo 14 kwa satoshi 1 ni 14, na ile sehemu ya milioni haikufika hata satoshi nzima. Ndiyo 15 zangu hizo. Roboti za kusawazisha chaneli, yaani programu za wenye nodi zinazohamisha pesa zao toka chaneli moja hadi nyingine, huzunguka mtandaoni zikitafuta njia rahisi, zikanikuta mimi napitisha watu karibu na bure. Zilinikausha kwa adabu, risiti zote zipo.

"Lakini nimeandika 400!"

"Nisomee mstari wenyewe unavyoanza."

"Unaanza na bitcoin.feerate."

"Kabla ya hapo."

"Hakuna kitu. Kuna uchafu kidogo kwenye kioo."

Nikaukwangua kwa ukucha. Haukutoka. Nikasogeza mstari juu, uchafu nao ukapanda. Ilikuwa nukta-mkato.

Kwenye faili hili, mstari ukianza na nukta-mkato programu huuruka, inauona kama maelezo ya msomaji. Lile faili la mfano nililonakili karibu lote lilikuwa limeandikwa hivyo. Nilikuwa nimehariri maelezo. Jina, rangi, kima cha chini na ada, vyote viliachwa kwenye chaguo-msingi, na programu haikuwa na sababu ya kulalamika, kwa sababu kwa macho yake sikuandika kitu. Ukitaka kujua nodi inatumia mipangilio gani hasa, usiliulize faili, iulize nodi: lncli getdebuginfo, kama toleo lako si la zamani.

Nikakata simu nikiwa na hasira, na hasira haihariri mstari mmojammoja. Nikatoa amri moja ya sed, chombo cha kuhariri maandishi kwa mkupuo, ifute kila nukta-mkato iliyo mwanzo wa mstari. Ikazifuta, pamoja na zile zilizokuwa zimezuia aya za Kiingereza. LND ikagoma kuwaka, ikataja nambari ya mstari ambao haikuuelewa. Nikaurekebisha, ikataja mwingine. Baada ya mstari wa tisa nikalitupa faili, nikaandika jipya lenye mistari yangu tu. Hivyo ndivyo ningeanza.

Ikawaka. Jina likatokea ramanini, kijani kikang'aa. Ada? Bado 1. Kumbe feerate ya kwenye faili ni ya chaneli zitakazofunguliwa baadaye. Zilizokwisha kufunguliwa zinabaki na sera yake mpaka uibadilishe kwa lncli updatechanpolicy. Amri hiyo inataka ada ya msingi, kiwango, na time_lock_delta (muda wa kufuli la malipo, kwa bloku), ambayo nikaiacha kwenye 80 kama ilivyo. Kwenye kiwango nikafikiri: 400 kwa milioni ni asilimia 0.04. Nikaandika --fee_rate 0.04.

Siku tisa hakikupita kitu. Mto ulikuwa umegeuka vizuri, ile chaneli ya kununua ndiyo sasa yenye pesa upande wangu, lakini fwdinghistory, orodha ya malipo yaliyopitia kwangu, haikuongezeka hata mstari. Rafiki yangu akapiga mwenyewe.

"Ndugu yangu, satoshi laki moja zikipita kwako unakata elfu nne?"

--fee_rate haisomi asilimia, inasoma sehemu ya moja. 0.04 ni asilimia 4, yaani 40,000 kwa milioni. Nilitakiwa kuandika 0.0004, au nitumie --fee_rate_ppm 400 nisihesabu sifuri kabisa. Nikaibadilisha palepale naye akiwa bado hewani, akinisomea sifuri moja baada ya nyingine.

Jioni hiyo yakapita malipo ya satoshi 52,000. Ada: satoshi 21 na pointi 8, zaidi ya ada ya yale malipo 14 yote kwa pamoja.

Ile chaneli ya elfu ishirini bado ipo. Mwenyewe hajawahi kutuma hata satoshi moja, na umeme ukikatika, nikirudi kufungua mkoba kwa nywila, namkuta yuko hewani ananisubiri.