Kansa ya koo Moshi: damu ya ukoo au chupa ya chai?

Kwenye msiba wa mtu aliyeondoka na kansa ya koo, huku Kibosho au Machame, hukosi mzee wa kunong'ona: "Kwao ndivyo wanavyokwenda. Baba yake hivyo hivyo." Kiti cha pili yupo kijana aliyesoma, anayeshikilia kwamba ni pombe na sigara, basi.

Tuelewane kwanza kuhusu hilo koo. Mtaani ni kila kitu kuanzia nyuma ya ulimi hadi tumboni. Daktari hutenganisha kinywa, koromeo (nyuma ya mdomo) na umio (mrija unaopeleka chakula tumboni), na kwetu umio ndio unaotisha zaidi: tumo kwenye ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako kansa hii ni ya kawaida mno.

Kijana ana ushahidi wa kutosha. Madhara ya sigara na pombe hayajumlishwi, huzidishana. Ugoro haunusuriki. Halafu ipo chai, ambayo hakuna anayeishuku: mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha kansa ya umio. Moshi mjini maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Kaa Mbuyuni asubuhi umtazame mteja wa mama ntilie: chai ya maziwa inamiminwa kutoka kwenye chupa, anaipuliza mara moja, anaivuta kwa sauti, anakunja uso, anavuta tena. Ikiwa vuguvugu anairudisha. "Mama, hii imepoa, nipashie."

Mzee naye hapayuki. Wapo wanaozaliwa na hatari hiyo mwilini, kama wenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi wa damu, au familia chache ambazo hitilafu ya jeni moja, RHBDF2, hunenepesha ngozi ya viganja na nyayo na kuleta kansa ya umio. Ila hao ni nadra sana. Wajapani wengi wana jeni ya ALDH2 iliyo dhaifu, pombe inawaachia sumu mwilini na uso unawaiva. Kwetu hiyo karibu haipo. Mwaka 2021 watafiti walisoma vinasaba vya uvimbe 552 wa umio kutoka nchi 8, Tanzania ikiwemo, wakitafuta alama ya kitu kinachofanya maeneo fulani yaugue kuliko mengine. Uvimbe wa kwetu ulifanana mno na wa kwingine. Mimi nasoma hivi: kuunguza umio kila siku kunaweza kuumiza bila kuacha alama ya vidole.

Na hapa ndipo neno "kwao" linapotuchanganya. Ukoo wa Kichagga haurithishani damu peke yake. Ni kihamba kimoja, yaani shamba la migomba la ukoo, jiko moja la kuni, mbege ile ile, pombe yetu ya ndizi, chupa ile ile ya chai. Baba na mwana wakiugua, utatenganishaje?

Kansa ya koromeo ina mshitakiwa mwingine, kirusi cha HPV, kile kile cha kansa ya mlango wa kizazi, ambacho hakiulizi ukoo wala kilabu. Chanjo yake ilijaribiwa kwa wasichana wa Kilimanjaro mwaka 2014, ikaenea nchi nzima 2018.

Mimi naegemea kwa kijana, ila mahubiri yake yananikera. Mama mlokole asiyewahi kuonja mbege akiugua, majirani wanaanza kumchunguza maisha yake ya siri. "Kwao" ya mzee nayo ina ubaya wake, japo swali lenyewe ni zuri, na daktari naye huliuliza: kwenu kuna aliyeugua hivi? Shida ni pale linapogeuka hukumu. Mtu ugali unaanza kumkwama, anausukuma kwa maji. Mwezi unaofuata anahamia kwenye mtori. Kisha uji. Nyumbani wanasema ni yale yale ya baba yake, na anapofikishwa hospitali ya KCMC, hata uji anaumeza kwa kijiko cha chai.